Acheni kukata siku za baharini

Ombi ni lile lile, na wiki hii limerudi tena, safari hii kutoka kwa mama mmoja wa Lang'ata, Nairobi, anayempangia mumewe matembezi ya kustaafu: "Tutafutie meli yenye bandari kila siku. Hizo siku za kukaa baharini bila kuona kitu ni pesa tunazitupa." Nimelijibu kwa simu, kwa barua pepe na ana kwa ana ofisini, ramani mkononi. Sasa nalijibu kwa maandishi, maana limenichosha, na wanaoniuliza ni watu walioweka akiba miaka mingi kwa ajili ya safari moja. Sitaki wainunue bila kiini chake.

Siku ya bahari ndiyo safari yenyewe. Bandari zote unazozitamani zinafikika kwa ndege kutoka JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, ukakaa wiki nzima, ukazoea mitaa na kula vibandani mpaka wakujue jina. Kwa meli utaiona bandari saa chache tu. Lakini hakuna ndege inayokufikisha mahali ambapo nchi kavu imetoweka pande zote, upepo ni ule ule tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna unapotakiwa kuwa kabla ya kesho kutwa. Hicho kinapatikana melini peke yake, nacho ndicho ninachoombwa nikikate.

Nimesimama zamu kwenye chumba cha usukani cha meli za abiria kabla ya kurudi Nairobi kuwapangia wengine safari. Nasema ninayoyajua kwa pande zote mbili, ya kuiendesha meli na ya kuiuza.

Tuanze na ramani. Meli nyingi za kitalii huenda noti 18 hivi, yaani kilomita 33 kwa saa. Desturi ni kung'oa nanga jioni na kuingia bandari nyingine asubuhi, mwendo wa saa kumi na mbili au zaidi kidogo. Hizo ni maili za bahari 220 au 230. Visiwa vikiwa ndani ya umbali huo, unalala huku unaamka kule. Mombasa hadi Zanzibar ni maili 130 hivi, usiku mmoja tena kwa mwendo wa kujivuta. Lakini Mombasa hadi Victoria, Shelisheli, ni karibu maili 950. Gawanya kwa 18 upate saa hamsini na ushei. Kutoka Port Louis kule Morisi kwenda Victoria ni karibu umbali huo huo. Wanaotaka bandari kila siku wameona matangazo ya Karibi, ambako visiwa vimekaribiana. Bahari ya Hindi haiko hivyo. Ukiikataa siku ya bahari huku, umeikataa Shelisheli kwa meli.

Wazee wa Ngara na Parklands waliosafiri kwa Karanja na Kampala, meli za kampuni ya British India zilizounganisha Bombay, Shelisheli, Mombasa na Durban mpaka miaka ya 1970, walikaa baharini siku baada ya siku bila kuona nchi. Waulizeni wanakumbuka nini. Wanaonisimulia mimi husimulia sitaha, upepo na chakula, na watu waliofahamiana humo wakaja kuwa ndugu.

Sasa itazameni siku ya bandari. Meli inafunga gati saa moja asubuhi. Maafisa wa uhamiaji na forodha wanapanda, karatasi zinakaguliwa, ruhusa ya kushuka inatoka saa mbili ikiwa mambo ni mazuri. Waliolipia matembezi wanaitwa kikundi kwa kikundi. Basi, soko, picha, basi tena, jua la utosini. Saa kumi na nusu uwe umerudi, maana meli inaondoka saa kumi na moja na haimngoji aliyeshuka kivyake. Pasipo na gati la kutosha mnashushwa kwa mashua, na mashua zina foleni yake ya kwenda na ya kurudi. Bandari mbili tatu za namna hiyo ni raha tupu. Siku saba mfululizo ni kazi, na wanaonirudia wamechoka kuliko walivyoondoka ni hao waliolazimisha.

Siku ya bahari unaamka kwa wakati wako. Ukielekea mashariki, usiku mmojawapo saa za melini zitakuwa zimesogezwa mbele, kwa sababu Shelisheli iko saa moja mbele yetu. Adhuhuri nahodha hutangaza meli ilipo, mwendo na hali ya hewa, na wengine hutaja na kina: kati ya Mombasa na Shelisheli unaelea juu ya maji ya zaidi ya mita 4,000. Ukisimama kwenye sitaha iliyo mita 30 juu ya bahari, upeo uko kilomita 20 hivi mbele yako, kila upande. Kwa mtu anayekaa Nairobi, ambaye jicho lake hugonga ukuta, lori au kioo cha simu kutwa nzima, hilo peke yake ni dawa. Maji ni buluu nzito kwa sababu hayana matope wala vijimea vingi. Samaki wenye mabawa huchomoka mbele ya omo, yaani mbele ya meli, na kuteleza hewani, na ndege wa baharini wanaoifuata meli huwadaka hapo hapo. Jua likizama karibu na ikweta linakwenda wima, kwa hiyo giza linaingia upesi. Ukiwa na bahati ya sitaha isiyo na taa nyingi utaona nyota za kusini na za kaskazini kwa usiku mmoja. Haya hayajaandikwa kwenye ratiba, ndiyo maana mtu anayesoma ratiba huona siku tupu.

Najua hata hivyo kwamba kwa wengi "hakuna cha kuona" ni sababu ya juu juu. Chini yake kuna hofu ya bahari kuchafuka. Na hapo ndipo swali linaloniudhi kuliko yote: "Mawimbi yatakuwa mita ngapi?" Watu hufungua programu ya hali ya hewa, wakaona mita mbili na nusu, wakanipigia simu wamefadhaika. Urefu wa wimbi kwenda juu, peke yake, haukuambii utalala vizuri au vibaya. Nitalieleza hili polepole, kwa sababu sijaona likielezwa mahali ninapowatuma wateja wasome.

Baharini kuna mawimbi ya aina mbili kwa pamoja. Kuna mawimbi ya upepo, yanayoinuliwa na upepo ulio juu yako sasa hivi. Ni mafupi na yenye povu, na upepo ukitulia nayo hutulia. Kisha kuna mawimbi ya mbali, yaliyozaliwa na dhoruba usiyoiona wala kuisikia, pengine maelfu ya kilomita kusini, karibu na Antaktika. Haya yanasafiri siku nyingi na nguvu yake haipungui sana njiani. Mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake waliyafuatilia mwaka 1963 kutoka bahari za kusini hadi Alaska, kuvuka Pasifiki yote. Mei 2007 dhoruba iliyopita kusini mwa Afrika ilituma mawimbi yaliyokipiga kisiwa cha Réunion kwa nguvu ya kuua watu, kisha yakaendelea mpaka Indonesia. Kwa hiyo anga inaweza kuwa samawati, upepo hafifu, na meli bado inainuka na kushuka. Anayeambiwa kwamba bahari ya joto ni shwari daima ameambiwa nusu tu. Joto la maji halizuii wimbi lililotoka kwenye baridi.

Sasa sekunde. Hesabu muda kati ya kilele kimoja na kingine. Wimbi la upepo lina sekunde 5 au 6, la mbali lina 10, 12, hata 15 na zaidi. Kwenye maji ya kina, wimbi la sekunde 10 lina urefu wa mita 156 hivi kutoka kilele hadi kilele, nalo hukimbia mita 15 na nusu hivi kila sekunde. Meli yako ya noti 18 inakwenda mita 9 na kidogo kwa sekunde. Ukilielekea wimbi hilo uso kwa uso, mwendo wako na wake vinajumlishwa, na vilele vinakupata kila sekunde 6 hivi. Ukiwa mnakwenda upande mmoja, vinatolewa, na kilele kinakupita kila sekunde 24 au 25. Bahari ni hiyo hiyo, mita ni zile zile. Pita Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni dhidi ya umati, kisha geuka ufuate umati, uhesabu mabega utakayogongana nayo kwa dakika.

Hiyo tofauti ya sekunde ina uzito kwa sababu mwili wa binadamu una kiwango chake kibaya. Majaribio ya watafiti O'Hanlon na McCauley, yaliyochapishwa 1974, ya kuwainua na kuwashusha watu ndani ya chumba kinachosogea, yalionyesha kwamba kichefuchefu huchochewa zaidi pale mtu anapopanda na kushuka karibu mara moja kila sekunde 5 au 6. Ukiharakisha kuliko hapo unatikisika lakini hutapiki sana, na ukienda polepole sana mwili unavumilia. Sekunde 6 ziko humo humo. Sekunde 24 ziko mbali nako.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusafiri kwa meli moja, mwezi mmoja, wakarudi na hadithi zinazopingana. Kusi likivuma, kuanzia karibu Mei hadi Septemba, upepo na mawimbi ya mbali yote yanatoka kusini. Aliyetoka Port Louis kwenda Victoria yalimsukuma mgongoni, akalala kama kawaida. Aliyetoka Victoria kwenda Port Louis aliyapanda moja moja siku mbili. Huyu wa pili atakuja kuwaambia jamaa zake wote kwamba siku ya bahari ni adhabu, na jamaa zake watanipigia simu kuomba bandari kila siku. Kumbe angegeuza tu mwelekeo. Safari nyingi za njia moja huuzwa kwa pande zote mbili, kwa bei zinazokaribiana. Uliza mwelekeo kabla ya kuuliza mita.

Urefu wa meli nao unaingia humu. Meli ya mita 300 inakanyaga mawimbi mawili ya sekunde 10 kwa wakati mmoja, moja linainua omo, jingine tezi kule nyuma, na kwa kiasi kikubwa yanazimana. Meli ya mita 150 haina nafasi hiyo. Hizi ndogo ndizo zinazouzwa ghali kwa jina la utulivu. Utulivu wa watu zinao, tena mzuri, ila wa maji hapana. Wimbi la sekunde 15 lina urefu wa mita 350 hivi, na hilo huinua meli kubwa pia, ingawa polepole. Hapa lazima niseme kwamba hesabu zangu ni safi kuliko bahari. Bahari halisi ni mchanganyiko wa vipimo vingi kutoka pande nyingi, na ile namba ya mita kwenye programu ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi, kwa hiyo wimbi moja moja linaweza kufika karibu mara mbili yake. Nimeona siku ambazo kwa karatasi zilikuwa nzuri na sitaha ya chakula ikabaki nusu tupu. Vitabu huonyesha mchoro na mshale mmoja, baharini kuna mishale mingi.

Kisha mrama, meli kulala kushoto na kulia. Huu ndio unaotisha, kwa sababu glasi zinateleza na milango inagonga. Meli za kitalii zina mapezi pembeni, chini ya maji, yanayozuia mrama kwa sehemu kubwa, ila yanahitaji maji yapite kwa kasi ndiyo yafanye kazi. Meli ikipunguza mwendo sana, yanabaki hayana nguvu. Na hayafanyi lolote la maana kuhusu omo kupanda na kushuka. Mrama hutisha, lakini kinachotapisha zaidi ni kule kupanda na kushuka. Watu hulipia vyumba vya mbele kabisa, juu, kwa ajili ya mandhari, mahali ambapo kupanda na kushuka ni kwingi kuliko kwote. Chukua chumba cha katikati, ghorofa za chini. Nyuma kabisa kuna mtetemo wa mapangaboi yanayoisukuma meli. Sitaongeza neno.

Kuhusu roshani nitaongeza, kwa sababu hili halimo kwenye vipeperushi. Ukitoka Mombasa kuelekea mashariki mwezi wa Julai, jua liko kaskazini yako, kwa hiyo linapiga upande wa kushoto, na kusi linavuma kutoka kulia. Chumba cha upande wa kulia kina kivuli, na upepo mwingi. Januari mambo yanageuka: jua limekwenda kusini, kulia kunaungua, na kaskazi linakuja kutoka mbele kushoto. Hapo chukua kushoto, upate kivuli na upepo mwanana. Roshani isiyokalika kuanzia saa nne asubuhi ni pesa iliyotupwa kweli kweli. Hiyo ndiyo ya kulalamikia, si siku ya bahari. Na kumbuka upepo wa sitahani ni hesabu ya upepo na mwendo wa meli. Noti 15 usoni pamoja na 18 za meli ni 33, kofia inaruka. Upepo wa nyuma unaolingana na mwendo wa meli unakuacha huna upepo kabisa, na joto linashuka juu ya kila mtu.

Misimu kwa ufupi. Kaskazi, karibu Desemba hadi Machi, ndilo tulivu zaidi kwa pwani yetu na njia ya Shelisheli. Tanga mbili, pale pepo zinapobadilishana, kunaweza kuwa na bahari kama kioo. Juni hadi Agosti kusi lina nguvu. Lakini kaskazi letu ndio msimu wa vimbunga upande wa Morisi na Madagaska, kuanzia Novemba hadi Aprili. Vimbunga havipendi kukaribia ikweta, ndiyo maana Mombasa iko salama kwa kawaida, ingawa Zanzibar ilipigwa vibaya mwaka 1872 na kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia Mei 2024. Meli hukikwepa kimbunga, haipiti ndani yake, na matokeo yake kwako ni bandari kufutwa na siku ya bahari kuongezwa. Watu huwaka hasira dawati la mapokezi kwa jambo hilo. Nahodha amewalinda.

Maharamia, kwa sababu naulizwa: Seabourn Spirit ilishambuliwa nje ya Somalia Novemba 2005 na MSC Melody karibu na Shelisheli Aprili 2009, zote mbili zikaponyoka. Meli za kitalii zilituepuka miaka kadhaa baada ya hapo. Kampuni hubadilisha njia mapema zikiona hatari, na uamuzi huo hauko mikononi mwako wala mwangu.

Dawa. Hapa ndipo nina mashaka mengi kuliko wanayoyatarajia wateja. Maelezo yanayokubalika ya kulewa bahari ni kwamba sikio la ndani linasema unasogea huku jicho, lililotazama ukuta wa chumba, likisema umetulia, na ubongo unakwama kati yao. Yana ushahidi mzuri: watu ambao viungo vya mizani vya sikio havifanyi kazi hawalewi bahari. Lakini hayanisaidii kutabiri nani ataugua. Nimeona mabaharia wa miaka mingi wakilala chali siku ya kwanza baada ya likizo, na bibi asiyewahi kupanda hata mtumbwi akicheza karata na kucheka. Mwanasayansi Charles Darwin alisafiri kwa meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836, na bahari haikuacha kumlevya. Wengi huzoea ndani ya siku mbili au tatu. Wengine hawazoei.

Plasta ya hayosini nyuma ya sikio hufanya kazi siku tatu, lakini ibandikwe saa kadhaa kabla ya kuanza safari, usingoje kichefuchefu. Nawa mikono ukishaigusa, maana ukijifuta jicho mboni itatanuka. Wenye glakoma na wazee wanaopata shida kukojoa wasiiguse bila daktari, na wazee kwa jumla inaweza kuwachanganya akili. Sinarizini na promethazini zinasaidia na zinalaza, nami sioni faida ya kununua siku ya bahari ukailala yote. Tangawizi na mikanda ya kifundo cha mkono: tafiti hazikubaliani. Nawaambia wateja watafune tangawizi kwa sababu haidhuru, na wanaosema imewasaidia siwabishii, ila siwezi kuwaahidi wengine. Ninachokiamini bila shaka ni kutoka nje, kusimama katikati ya meli na kuangalia upeo. Kujifungia chumbani na simu mkononi ndiyo njia ya haraka ya kujiumiza.

Nimeitaja simu. Ukiacha pwani, mtandao wako wa kawaida unakatika, na simu inaweza kujiunga yenyewe na mtandao wa meli wa setilaiti wenye bei ya kutisha. Iweke katika hali ya ndege kabla hujaondoka gatini. Zamani ingekuwa mwisho wa habari. Siku hizi meli nyingi zinauza intaneti nzuri, na hapa nina swali nisiloweza kulijibu kwa uhakika: lile pumziko nililokuwa nikiliona kwa abiria lilitoka baharini, au lilitoka kwa kukosa mtandao? Mtu anayejibu ujumbe wa kikundi cha chama adhuhuri ya siku ya pili, uso wake ni ule ule wa Nairobi. Nawashauri wasinunue kifurushi, au wanunue cha saa moja kwa siku. Wachache hunisikiliza.

Jambo jingine lisilosemwa. Siku yako ya kupumzika ndiyo siku jikoni hakupumui, kwa sababu abiria wote wamo ndani milo yote. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unataka baharia apate mapumziko ya saa 10 kila saa 24, na hayo ndiyo ya chini kabisa. Vijana wetu wengi wako kwenye meli hizi. Ukimsikia mhudumu akizungumza Kiswahili, msalimie kama mtu wa nyumbani, na usimwitishe kitu dakika tano kabla ya kufunga.

La mwisho ni wale wanaoniambia wamekwisha kujijaribu na bahari imewakataa. Nikiwauliza walijaribia wapi, ni boti ya kuvulia samaki nje ya Watamu, au ile feri ya kasi ya Dar na Zanzibar. Boti ya mita 10 hupanda na kushuka na kila wimbi la sekunde 5, pale pale kwenye kiwango kibaya cha mwili. Hiyo imekufundisha kuhusu boti. Feri ya Likoni nayo haifundishi kitu, kwa sababu ile ni mkondo wa bandari. Hata usiku mmoja wa Mombasa na Zanzibar kwa meli kubwa hautoshi, maana utaupita usingizini.

Anayetaka kujipima kweli atafute safari fupi ya siku tatu au nne kutoka Durban, wakati wa kiangazi cha kule, iwe na angalau siku moja ya bahari ndani yake. Kule mkondo wa Agulhas unashuka kusini-magharibi, na upepo wa kusini-magharibi ukivuma dhidi yake mawimbi husimama wima. Ukikutana na siku kama hiyo ukaimaliza ukiwa na hamu ya chakula cha jioni, safari ya Shelisheli haitakushinda. Ukitapika, bado hujajua utakavyokuwa ukitoka Port Louis kwenda Victoria bahari ikikusukuma mgongoni, kwa hiyo usiamue kabla hatujakaa na ramani tukatazama mwezi, mwelekeo na chumba.